MAZUNGUMZO KUHUSU FEDHA ZA SERIKALI KWA UTAFITI WA MARADHI YA MISHIPA YA UBONGO

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakaazi wa Kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Yanachapishwa katika ukurasa huu wa matangazo ya Serikali kwa sababu, ingawa afya si jambo la Muungano, utafiti na takwimu yamo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Kwa mintarafu hiyo, linalosemwa Katubuka juu ya fedha za utafiti linamhusu pia mwananchi wa Unguja na Pemba.



Kaskazini ya mji wa Kigoma, mwendo wa boti kandokando ya ufuko, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Tangu mwezi wa Julai 1960, Bibi Jane Goodall alipofika hapo kuanza kazi yake, sokwe wa msitu ule wamekuwa wakifuatiliwa mmoja mmoja, kwa majina. Inajulikana nani kamzaa nani, nani aliugua, mwaka gani, na nani alikufa kwa sababu ipi. Mjini Kigoma kwenyewe kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, ambacho wataalamu wake hufuatilia dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Hakuna ubaya katika hayo. Ni sifa kubwa kwa mkoa. Lakini mtu mzima akianguka ghafla Katubuka, akashika kichwa, akapoteza fahamu na kufariki kabla ya jua kuchwa, huzikwa kesho yake, na katika daftari, pale linapoandikwa, sababu huwa ni "presha" au "kifo cha ghafla", au nafasi huachwa wazi. Matangani husemwa mengine, na mara nyingi jirani ndiye hubeba lawama.

Miongoni mwa vifo vya namna hiyo vimo vinavyosababishwa na maradhi ambayo madaktari huyaita aneurizimu ya ubongo. Maelezo yake si magumu. Mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya ubongo hudhoofika mahali fulani, aghalabu pale unapogawanyika matawi, na msukumo wa damu ukautoa nje kidogo kidogo mpaka ukafanya kifuko, mithili ya mpira wa baiskeli uliochomoza kwenye tairi lililochakaa. Watu wengi huishi na kifuko hicho hadi uzeeni wasijue. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali umekadiria kuwa watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanacho. Hatari huja kinapopasuka. Damu humwagika kuuzunguka ubongo, na mgonjwa hupatwa na maumivu ya kichwa ambayo hayafanani na yoyote aliyowahi kuyapata, yakifikia kilele chake ndani ya sekunde au dakika chache. Hutapika, shingo hukakamaa, mwanga humuumiza macho, na wengine huzimia papo hapo.

Kwa wanaopasukiwa, takriban mmoja katika kila watatu hufariki, na katika nchi zisizo na huduma za karibu hali huwa mbaya zaidi. Wanaopona, wengi hubaki na ulemavu wa viungo, wa kauli au wa kumbukumbu. Umri wa kawaida wa kupatwa ni kati ya miaka 40 na 60, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Hao ndio wenye biashara za sokoni, wenye mashamba, wenye watoto skulini. Kiharusi cha kawaida huwapata zaidi wazee. Haya humchukua mtu angali ameshika nyumba.

Achukuliwe, kwa mfano tu, mama wa miaka 47 anayenunua dagaa Kibirizi na kuwauza Mwanga. Anashikwa na kichwa asubuhi. Nyumbani anapewa dawa ya maumivu, pengine aspirini, ambayo kwa maradhi haya ina madhara kwa kuwa huzuia damu kuganda. Jioni anapelekwa zahanati na kutibiwa malaria, kwani homa na kichwa katika mkoa huu ndivyo vinavyofahamika. Siku ya tatu anapata nafuu. Wiki ya pili kifuko kinapasuka tena, na safari hii haamki. Kupasuka kwa mara ya pili ndiko kunakoua sana, na ndiko kunakoweza kuzuilika, lakini kwa sharti kwamba aliyempokea mara ya kwanza alijua alichokuwa akikitazama. Picha ya CT Scan ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo hukaribia kutokosea. Ikipigwa baada ya wiki moja, huweza kumkosa takriban nusu ya wagonjwa, maana damu imekwisha kufifia.

Mashine yenyewe si tena hadithi ya Dar es Salaam. Kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata mwaka 2021 kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19, Serikali ilizisambaza mashine za CT Scan katika hospitali za rufaa za mikoa. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, umewekwa mtambo wa kutibu mishipa ya ubongo kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, pasipo kufungua fuvu. Kwa upande wa Zanzibar, mwaka 2014 kilifunguliwa kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa ushirikiano na Wakfu wa NED wa Hispania unaoongozwa na Daktari José Piquer wa Valencia. Yapo majengo, na wataalamu wanaongezeka. Kinachokosekana ni elimu inayotokana na watu wa hapa, na elimu ya namna hiyo haipatikani bila fedha za utafiti.

Inafaa ielezwe jinsi elimu iliyopo ilivyopatikana, ili isije ikadhaniwa kuwa iliteremka yenyewe. Mwaka 1927, mjini Lisbon, Daktari Egas Moniz alifaulu kuipiga picha mishipa ya kichwa cha mtu aliye hai. Mwaka 1937, Daktari Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alikibana kifuko kwa klipu ndogo ya chuma, na mgonjwa akapona. Kuanzia mwaka 1990 Daktari Guido Guglielmi na wenzake walianza kukijaza kifuko kwa nyuzi laini za platinamu zilizopitishwa ndani ya mshipa. Je, ipi bora, klipu au platinamu? Kila daktari aliisifu kazi ya mkono wake. Swali lilikatwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, chombo kinachoendeshwa kwa fedha za umma, lililogharimia uchunguzi wa wagonjwa 2,143. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakimtegemea mtu walikuwa asilimia 23.7 kwa waliotibiwa kwa platinamu, na asilimia 30.6 kwa waliopasuliwa. Tofauti hiyo ya watu 7 katika kila 100 ilibadilisha tiba duniani kote, ikiwemo MOI. Hakuna mwenye duka la dawa ambaye angelipa ili swali kama hilo lijibiwe kwa haki, kwa sababu jibu lingeweza kumwangukia vibaya. Hiyo ndiyo kazi ya fedha ya Serikali.

Sasa laja jambo ambalo wakaazi wa Katubuka wangepaswa kulisikia zaidi ya yote yaliyotangulia. Daktari anapokigundua kifuko ambacho bado hakijapasuka, huna budi kuamua: kitibiwe, au kiachwe na kuangaliwa? Tiba nayo ina hatari zake. Ili kumsaidia, mwaka 2014 ilichapishwa kanuni ya kuhesabu hatari, iitwayo PHASES, iliyojengwa juu ya taarifa za watu 8,382. Mgonjwa hupewa alama kwa shinikizo la damu, kwa umri, kwa ukubwa wa kifuko, kwa mahali kilipo, na kama amewahi kupasukiwa. Alama ya kwanza kabisa hutokana na asili yake. Mtu wa Amerika ya Kaskazini au Ulaya hupewa 0; Mjapani hupewa 3; Mfini hupewa 5, kwa kuwa imeonekana vifuko vya Wafini hupasuka zaidi. Mwafrika hana mstari. Si kwamba amepewa alama ndogo au kubwa, hayumo. Daktari wa Dar es Salaam au Unguja aliye na mgonjwa kutoka Kigoma hulazimika kumwazima uraia wa Ulaya kwa muda, akafanye hesabu, kisha amrudishie Utanzania wake akiwa anasubiri kupasuliwa. Uamuzi wa kumfungua mtu kichwa unastahili msingi ulio bora kuliko huo.

Kwa miaka mingi iliandikwa katika vitabu vya tiba kuwa maradhi haya ni nadra kwa Waafrika. Kauli hiyo iliandikwa wakati ambapo vifaa vya kuyaona havikuwapo. Mwaka 2009 watafiti wa Nairobi wakiongozwa na Profesa Julius Ogeng'o walichapisha taarifa za wagonjwa wa aneurizimu waliotibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Walikuwako, pale pale ambapo palisemwa hawapo. Na historia hii si ngeni. Kiharusi nacho kilisemwa hakiwahusu watu wa Afrika Mashariki, mpaka kilipohesabiwa. Kati ya mwezi wa Juni 2003 na Juni 2006, wagonjwa wapya wa kiharusi waliorodheshwa katika Wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Ilipolinganishwa kwa umri, idadi ilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Hiyo ya Dar es Salaam ilizipita nchi nyingi tajiri. Kazi hiyo iliyochapishwa mwaka 2010 iligharimiwa na wakfu wa Uingereza, Wellcome Trust. Yafaa wahusika washukuriwe. Ila mgeni anayelipa ndiye huchagua mahali, na hakuchagua Kigoma.

Kigoma ilikuwa na watu 2,470,967 katika Sensa ya mwaka 2022. Makadirio ya dunia ni kuwa watu wapatao 6 katika kila 100,000 hupasukiwa na mshipa wa namna hii kila mwaka. Hesabu ya moja kwa moja ingeupa mkoa huu wagonjwa wapatao 150 kwa mwaka. Lakini wakaazi wa Kigoma ni vijana kuliko watu wa Ulaya na Japani, jambo linaloweza kuipunguza idadi hiyo. Na yapo mambo yanayoweza kuipandisha. La kwanza ni shinikizo la damu lisilotibiwa. La pili ni tumbaku, zao linalolimwa katika mikoa hii ya magharibi na ambalo moshi wake ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kifuko kukua na kupasuka. La tatu ni selimundu, na hili linahitaji kukawiwa kidogo.

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Imethibitika kwamba chembe zile zenye umbo la mundu huharibu kuta za mishipa ya kichwa, na kwamba wenye maradhi hayo hupatwa na aneurizimu wakiwa na umri mdogo kuliko wengine, mara nyingine vifuko zaidi ya kimoja. Muhimbili ina mpango wa utafiti wa selimundu tangu mwaka 2004, ukiwa chini ya Profesa Julie Makani, ambao umefuatilia maelfu ya wagonjwa na kujulikana duniani. Zamani wengi wa watoto hao hawakufika utu uzima. Siku hizi, kwa tiba bora, wanafika. Na wakifika, mishipa yao hufika nao. Swali la nini kitafanyika kwenye vichwa vyao watakapokuwa na miaka 30 haliwezi kujibiwa Finland wala Japani, kwani huko wagonjwa wa selimundu ni wachache mno. Hapa ndipo Tanzania ingeifundisha dunia badala ya kungoja kufundishwa, na gharama zake ni ndogo kwa kuwa orodha ya wagonjwa ipo tayari.

Yapo makatazo yanayosikika kila jambo hili linapotajwa, na ni ya haki. Malaria ingali ikiua watoto. Kipindupindu hurudi ufukoni mara kwa mara. Katubuka yenyewe ina adha ya maji ya mvua yanayotuama bondeni na kuzingira nyumba. Itakuwaje Serikali itoe shilingi kwa ajili ya maradhi yanayompata mtu mmoja katika maelfu? Jibu lake ni kwamba shilingi hiyo haiendi kwa aneurizimu peke yake. Mhudumu anayefundishwa kuitambua ndiye yuleyule atakayemtambua mwenye kiharusi na mwenye homa ya uti wa mgongo. Daftari la vifo vya ghafla litakaloanzishwa litaonyesha moyo, presha, sumu na kifafa cha mimba. Aidha, malaria yenyewe imepungua katika sehemu nyingi za nchi kwa sababu ilifanyiwa utafiti, mwaka hadi mwaka, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, pamoja na Ifakara na wengineo. Haikusubiri malaria iishe ndipo ianze kuhesabu.

Wala ahadi za fedha si ngeni. Mwaka 1990 Tume ya Kimataifa ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo ilipendekeza kila nchi inayoendelea itenge angalau asilimia 2 ya matumizi yake ya afya kwa utafiti. Yaani katika kila shilingi 100 za dawa, mishahara na majengo, shilingi 2 za kutafuta kujua. Mwaka 1995 Tanzania iliunda Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwezi wa Januari 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimiza asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Vyombo vipo na azma zimetiwa saini. Hata Marekani kwenye utajiri wake, familia za waliokufa kwa maradhi haya zimekuwa zikirejea Bungeni tangu mwaka 2017 na mswada wa kuomba fedha mahsusi za utafiti wa aneurizimu, mswada uliopewa jina la binti wa miaka 14 aliyefariki ghafla. Si aibu, basi, kwa kata moja ya Kigoma kuomba.

Kinachopaswa kuombwa kinahitaji kutajwa kwa majina yake, kwani ombi la jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla. Kwanza ni fedha za daftari la mkoa. Kila kifo cha ghafla cha mtu wa miaka 15 na kuendelea kiandikwe, na mhudumu aliyefunzwa aende kuwahoji wafiwa kwa heshima baada ya matanga, kwa orodha ya maswali iliyokwisha kupimwa. Jambo hili si jaribio jipya: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Uingereza, ilifanya hivyo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na wafiwa walikubali kuhojiwa. Pili ni gharama ya picha ya kichwa kwa kila mgonjwa anayefika Hospitali ya Maweni na maumivu makali ya ghafla, picha hiyo ilipiwe na fungu la utafiti na si na mgonjwa. Familia ikitakiwa kulipa kwanza, asiye na kitu hapigwi picha, na daftari litakuwa limewahesabu wenye nacho tu. Tatu ni kuunganisha Kigoma, MOI, Bugando na Mnazi Mmoja katika orodha moja ya wagonjwa wa aneurizimu, ili baada ya miaka michache mstari wa Mwafrika uandikwe katika ile kanuni ya hesabu, na uandikwe kwa mkono wa Mtanzania.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na mgonjwa aliyepasukiwa hawezi kuusubiri mwisho wa safari hiyo bila hatari kubwa. Kwa hiyo swali la nani asafirishwe kwa ndege, nani ahudumiwe Mwanza, na nani atulizwe kwanza Maweni huku presha yake ikishushwa, ni swali la utafiti pia. Na ni la Kigoma hasa.

Kuhusu njia ya kufuata: mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge huanza kikao chake cha bajeti mjini Dodoma mwezi wa Aprili. Kinachochelewa kuingia katika mipango ya Halmashauri kabla ya hapo husubiri mwaka mwingine. Hoja ya Katubuka huanzia katika mikutano ya mitaa, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani la Manispaa, na Mheshimiwa Mbunge hupewa nakala. Kwa upande wa Zanzibar, wananchi wenye hoja ya namna hii huifikisha kwa Mwakilishi wa jimbo lao ili isemwe katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, wakati wa makadirio ya Wizara ya Afya. Viongozi wa mitaa wanaombwa kuhakikisha kuwa maombi yote matatu yanaingia katika muhtasari wa kikao kama yalivyo, kila moja kwa kifungu chake, na kwamba majina ya marehemu hayatajwi humo.